Matumizi ya maji katika Skimu ya Mwea
Mwea ni skimu ya umwagiliaji wa mpunga katika Kaunti ya Kirinyaga, Kenya, iliyoanzishwa miaka ya 1950. Maji yake hutoka mito ya Thiba na Nyamindi na huteremka mferejini bila pampu. Utoshelevu hupimwa kwa kulinganisha maji yanayofika jarubani, yaani katika kipande cha shamba la mpunga, na mahitaji ya mpunga. Ufanisi hupimwa kwa sehemu ya maji yaliyochotwa mtoni ambayo mmea umeitumia kweli. Skimu yaweza kuchota maji mengi na bado isitosheleze: jaruba la karibu na banio, mahali maji yanapoingia mferejini, linafurika, la mwisho wa mfereji linapasuka nyufa likisubiri zamu. Kilimo shadidi, kinachoacha jaruba likauke kidogo kabla ya kumwagiliwa tena, hupunguza mahitaji. Ili kuongeza maji, Bwawa la Thiba lilizinduliwa mwaka 2022. Hata hivyo, mifereji ya udongo ingali inavuja.