Elimu ya Biashara katika Sekondari Msingi (Kenya)

Elimu ya biashara katika sekondari msingi ni mafunzo ya awali ya biashara na uchumi kwa wanafunzi wa Gredi ya 7 hadi ya 9 nchini Kenya, chini ya mtaala wa umilisi (CBC). Daraja hilo lilipoanza Januari 2023, biashara ilikuwa somo linalojitegemea. Masomo yalipopunguzwa hadi 9 mwaka 2024, iliunganishwa na kompyuta na ufundi wa awali, hatua iliyoibana mada inayohitaji nafasi.

Msingi wake ni mahitaji na matakwa, bajeti, akiba, gharama na faida. Hesabu ndogo hufundisha zaidi ya fasili. Mwanafunzi akiuza mandazi 40 kwa shilingi 10, mauzo ni 400. Unga, sukari, mafuta na makaa vikigharimu 290, faida ni 110. Akiwagawia marafiki mandazi manne bila malipo, inabaki 70. Lililo gumu zaidi, na lenye thamani kubwa, ni gharama mbadala: alasiri aliyoitumia jikoni ingeweza kutumika kusoma au kupumzika, ingawa haionekani popote katika daftari lake.