Hati Nyembamba za Kenol
Mji wa Kenol, penye njia panda ya Murang'a na Nyeri, ulipata jina lake katika kibao cha kituo cha petroli cha Kenya Oil Company, kampuni iliyoasisiwa mwaka 1959, na jina limedumu ijapokuwa kampuni ilinunuliwa na Rubis ya Ufaransa mwaka 2019. Lakini kuliko kibao hicho, moyo wangu wazipenda zaidi hati nyembamba, zenye mikia iliyopindwa kwa ulatifu, ambazo mafundi wa brashi, baada ya kupiga mstari wa chaki, huzichora kwa rangi ya mafuta juu ya milango ya saluni. Buchani aghalabu huandikwa herufi nene, kwa kuwa abiria wa matatu husoma akipita mbio, ilhali hati nyembamba yamtaka msomaji aendaye kwa miguu.