Umri wa Wazee wa Siakago

Waingereza walipoweka kituo chao Embu mwaka 1906, mzee wa Siakago, huko Mbeere nchini Kenya, hakuwa na habari ya miaka yake. Hakuna aliyemuuliza. Watu walijua rika lake: alitahiriwa pamoja na akina nani, kabla ya njaa ipi, baada ya vita vipi. Juu ya marika palikuwa na vizazi viwili vilivyopokezana, Nyangi na Thathi. Baba akiwa Nyangi, mwanawe ni Thathi, na mjukuu hurudi upande wa babu yake. Hesabu hiyo haikutoa tarakimu, lakini ilitosha kumwonyesha kila mtu wa kumheshimu na wa kumtania.

Tarakimu zililetwa na kipande, hati ya utambulisho ya wakoloni. Sheria yake ilipitishwa mwaka 1915 na kuanza kutekelezwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Kila mwanamume Mwafrika aliyeonekana kufikisha miaka 16 alipaswa kuandikishwa, na karatasi yake ikatiwa kwenye kijaluba cha bati cha kuvaliwa shingoni. Neno zito hapo ni "aliyeonekana". Karani alimtazama mtu usoni, akakisia. Kisio likishaandikwa, likawa umri.

Kosa la karani lilipunguza au kuongeza miaka michache tu. Mtego mkubwa zaidi ulikuwa katika majina. Kwa Wambeere, kama kwa majirani zao Waembu na Wagikuyu, mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la baba wa baba yake. Tuseme Njiru wa Nyaga amzaa Nyaga wa Njiru. Huyu naye akipata mwana, ni Njiru wa Nyaga tena. Babu na mjukuu wana jina moja, na jina la baba zao pia ni lile lile. Anayesikia kwamba Njiru wa Nyaga alipigana na Wamasai zamani, kisha akamkuta Njiru wa Nyaga amekaa chini ya mti, ni rahisi aamini amekutana na mtu wa miaka 130.

Mambo haya si ya Mbeere peke yake. Mwaka 1635 mkulima Thomas Parr alipelekwa London kuonyeshwa kwa mfalme, ikidaiwa ana miaka 152. Alikufa huko huko, na tabibu maarufu William Harvey akaupasua mwili wake kuuchunguza. Cheti cha kuzaliwa hakikuwepo, sifa tu. Jeanne Calment wa Ufaransa, aliyekufa mwaka 1997, anatambuliwa kuwa aliishi miaka 122 kwa sababu kuzaliwa kwake mwaka 1875 kuliandikwa wakati ule ule.

Siakago, kumbukumbu ya wazee ilikuja kupimwa kwa jambo zito kuliko sifa. Serikali ilipoanza kupima mashamba Mbeere, karibu na mwaka 1970, kila ukoo ulitakiwa kueleza nani alifyeka msitu wa kwanza, na nani alimkaribisha nani. Hapakuwa na hati. Palikuwa na wazee. Jack Glazier, mwanaanthropolojia Mmarekani aliyefanya utafiti Mbeere miaka hiyo, alieleza katika kitabu chake cha 1985 jinsi koo zilivyoyageuza mapokeo kuwa hoja za kudai ardhi. Mzee mmoja mwenye kumbukumbu nzuri aliweza kuwa na thamani ya ekari nyingi, na kwa hiyo masimulizi yake yalipingwa na mzee wa upande wa pili.

Katika kipindi hicho hicho H.S.K. Mwaniki alikuwa akikusanya masimulizi ya wazee wa Embu na Mbeere, akachapisha historia yao mwaka 1973. Hesabu ya masimulizi kama hayo ni rahisi. Mvulana wa miaka minane aliyechunga mbuzi wakati wa njaa kuu ya mwisho wa miaka ya 1890, ile ambayo Wakamba jirani huiita Ngomanisye, mwaka 1970 alikuwa amefikisha miaka 80. Kama utotoni alimsikiliza babu wa miaka 70, basi vinywa viwili vinatosha kutufikisha karibu na mwaka 1828.

Hakuna haja ya mtu wa miaka 152. Ukikutana na mkongwe Siakago, usimuulize ana miaka mingapi. Muulize alitahiriwa na akina nani, na babu yake alimwambia nini. Kisha andika, na uandike pia mjukuu gani ana jina lake.