Mtoto Aliyenyamaza

Mwaka jana binti yangu wa mwisho alikuja nyumbani kwetu kujifungua uzazi wake wa kwanza. Siku ya tatu mtoto alilala tangu adhuhuri hadi alasiri bila hata kugeuka. Binti akamwuliza mama yake, "Mama, tumwamshe anyonye, au tumwache apumzike?" Mke wangu hakujibu upesi. Aliniangalia mimi kwanza. Mtazamo ule una historia yake, nami nimeona heri niiandike mwenyewe kabla haijasimuliwa na wengine.

Mwaka 1976 nilikuwa mkufunzi kijana katika chuo cha ualimu. Mwaka uliotangulia nchi yetu ilikuwa katika kampeni ya Chakula ni Uhai, nami niliongoza kundi la watu wazima waliokaa chini ya mwembe kusikiliza redio na kujadili lishe. Kwa hiyo mke wangu alipojifungua mtoto wetu wa kwanza, nilijiona mtaalamu. Katika maktaba ya chuo nilikuta kitabu cha Kiingereza cha malezi, kilichoachwa na walimu wa zama za ukoloni. Kilisema mtoto anyonyeshwe saa 12 asubuhi, saa 4, saa 8 mchana, saa 12 jioni na saa 4 usiku, basi. Baada ya hapo asipewe kitu mpaka asubuhi, hata akilia, asije akadeka. Nilichora ratiba kwa rula na wino mwekundu, nikaibandika ukutani karibu na saa ya mezani, kama ratiba ya vipindi.

Miaka mingi baadaye, nilipostaafu na kupata nafasi ya kusoma, nilitaka kujua ratiba ile ilizaliwa wapi. Ina umri mkubwa. Mwaka 1748 daktari wa Bristol aitwaye William Cadogan aliandika insha juu ya kulea watoto, kwa ajili ya wasimamizi wa makao ya watoto waliotupwa. Alishauri mtoto anyonye mara 4 tu kwa siku, wala si usiku. Alisema pia kwamba kazi hii imeachiwa wanawake muda mrefu mno, na kwamba yafaa sasa wanaume wenye elimu waishike. Mwaka 1894 daktari wa Marekani, L. Emmett Holt, alitoa kitabu cha maswali na majibu, mfano wa katekisimu, ili akina mama na yaya wajifunze. Kisha akaja Truby King wa New Zealand. Huyu alikuwa mkuu wa hospitali ya wagonjwa wa akili yenye shamba, na alipata sifa kwa kulisha ndama kwa vipimo na kwa saa. Mwaka 1907 alianzisha chama cha kufundisha akina mama, na mafundisho yake yakasambaa hadi Uingereza na makoloni yake. Waliomfuata walimwamsha mtoto saa ilipofika, na walimwacha alie kama haijafika.

Nisiwahukumu bila kuwasikiliza. Watoto wengi wa miji ile walikufa kwa kuharisha, maziwa ya ng'ombe yalikuwa machafu, na King mwenyewe alihimiza sana ziwa la mama. Lakini walitaka tumbo la mtoto lifuate mitambo ya kiwanda. Na sisi walimu, ndugu msomaji, tunapenda kengele.

Siku nne za kwanza mtoto wetu alilia sana. Mama mkwe wangu, aliyekuwa amekuja kumhudumia mzazi, hakuwa na desturi ya kusema nami ana kwa ana. Alimwambia binti yake, nami nikiwa pale pale, "Mwambie mwalimu mtoto hasomi saa." Nilicheka. Nikamwambia mke wangu avumilie, na yeye, kwa kuwa nilikuwa mumewe na mwenye vitabu, alivumilia huku maziwa yakimdondoka na kulowesha kanga.

Siku ya sita mtoto alinyamaza. Alilala usiku kucha, akalala na mchana. Saa ya ratiba ilipofika alishika ziwa kidogo tu akasinzia tena. Nilifurahi mno! Niliwaambia wenzangu ofisini kuwa kitabu kimeshinda. Siku ya tisa mama mkwe alimfungua nguo, akambinya ngozi ya paja, akaitazama weupe wa macho, ambao ulikuwa wa manjano. Safari hii alisema nami moja kwa moja: "Mtoto huyu halali. Amechoka kulia."

Alimlowesha nyayo kwa kitambaa cha maji, akamsugua mgongo, akamkamulia mama maziwa na kumdondoshea mtoto midomoni tone kwa tone. Kisha tukaenda zahanati. Alizaliwa na kilo 3.1. Mzani ulionyesha 2.6. Walilazwa siku tano, wakimpa maziwa ya mama yake kwa kijiko kila baada ya saa mbili, usiku na mchana. Nilikaa nje kwenye benchi. Sitaeleza niliyoyawaza pale. Alipona, na leo ni baba wa watoto watatu.

Wataalamu nao walirudi walikotoka akina mama. Mwaka 1989 Shirika la Afya Duniani na UNICEF walitoa hatua kumi za kufanikisha unyonyeshaji, mojawapo ikiwa kumnyonyesha mtoto kila anapotaka. Mwaka 1991 ukaanza mpango wa hospitali rafiki kwa watoto. Hatua zile ziliporekebishwa mwaka 2018, mkazo uliwekwa katika kumsaidia mama atambue dalili za mtoto: kugeuza kichwa akitafuta, kupeleka mkono mdomoni, kulamba midomo. Kilio ni dalili ya mwisho.

Lakini hata neno "anapotaka" laweza kumpoteza mtu. Mchanga aliyepungua uzito, au mwenye manjano, huwa hana nguvu ya kutaka. Ndiyo maana wauguzi husema anyonye mara 8 hadi 12 kwa saa 24, na katika majuma ya kwanza aamshwe akipitiliza saa tatu au nne, mpaka arudie uzito wa kuzaliwa, yaani yapata siku ya 10 hadi 14. Akisharudia na kuongezeka vizuri, aachwe alale. Na asiyeamka, au anayekataa kunyonya, apelekwe hospitali bila kungoja kesho.

Nimekuwa mwalimu mkuu miaka mingi baada ya hayo. Kila nilipoingia darasa lililotulia mno, nilikumbuka benchi lile, nikaenda kumwuliza yule wa nyuma asiyesumbua mtu.

Basi siku ile mke wangu aliponiangalia, nilisema, "Mwamsheni." Binti alimfungua nguo, akamgusa nyayo, naye akakunja uso, akalia, akanyonya. Mama mkwe wangu ni marehemu sasa. Kwake sikuwahi kuomba radhi kwa maneno. Siku ile tuliporudi kutoka zahanati niliibandua ratiba mbele yake, naye akaichukua akawashia moto wa uji.