Fahamu maana na asili ya neno 'vulnerable': si kila anayeitwa hivyo ni dhaifu

Neno la Kiingereza 'vulnerable' limezoeleka sana kwenye ripoti za mashirika, hotuba za viongozi na habari za teknolojia. Wengi wakiulizwa maana yake hujibu haraka: dhaifu. Jibu hilo liko karibu, ila halijafika.

Asili yake ni Kilatini. 'Vulnus' ni jeraha, na hapo ndipo kilipotoka kitenzi 'vulnerare', yaani kujeruhi. Waingereza walianza kulitumia miaka ya 1600. Kwa hiyo 'vulnerable' ni mtu au kitu kinachoweza kujeruhiwa. Neno lenyewe halisemi kama ana nguvu au hana.

Mfano mzuri ni Achilles, shujaa wa hadithi za Wagiriki wa kale. Inasimuliwa kwamba mama yake alimchovya kwenye mto Styx akiwa mtoto ili silaha zisimdhuru. Lakini alikuwa amemshika kisigino, maji hayakufika hapo. Achilles akawa tishio vitani, mwisho akauawa kwa mshale wa kisigino. Hakuwa dhaifu hata kidogo, ila alikuwa 'vulnerable'.

Tofauti hii ina uzito kwenye maisha ya watu. Nchini Tanzania, watoto wanaoitwa kwa Kiingereza 'vulnerable children' hutajwa kama watoto walio katika mazingira hatarishi, si watoto dhaifu. Ukisema dhaifu, kasoro unamtwisha mtoto. Ukisema mazingira hatarishi, swali linageuka: nani anatakiwa kuyabadilisha?

Kwenye simu na kompyuta nako neno hili lipo. 'Vulnerability' ni tundu ndani ya programu ambalo mdukuzi anaweza kupitia. Matundu yanayogunduliwa huorodheshwa kwa namba zinazoanza na herufi CVE, utaratibu ulioanza mwaka 1999, na hiyo V ndiyo neno lenyewe. Simu inaweza kuwa mpya, ya bei mbaya na yenye kasi, lakini tundu likawepo. Kazi ya masasisho ya usalama ni kuyaziba, ndiyo maana si vizuri kuyapuuza kila simu inapokukumbusha.

Kwa kifupi, 'weak' ni asiye na nguvu. 'Vulnerable' ni yeyote mwenye mahali anapoweza kuumizwa, hata kama ana nguvu kiasi gani.