Uongo mbele ya karani wa uchaguzi: historia ya sheria inayotugusa sote



Mwezi wa pili mwaka wa 2023, wakati CENI ilipoanza kuandika wapiga kura huku kwetu mashariki, mama mmoja, mhami wa vita, alinivuta pembeni ya foleni. Alikuwa na kijana wake wa miaka 15. Akaniambia: "Mwanangu, weye unajua mambo ya serikali. Nikisema huyu ana miaka 18, watanifunga? Mie sitafuti kura. Natafuta karte, ili mtoto apite kwenye bariere bila kusumbuliwa."

Nilimjibu kwa haraka kwamba ni kosa, asijaribu. Akaniuliza tena: "Kosa gani, na kila mtu anafanya?" Sikuwa na jibu zuri siku ile. Leo nataka kumjibu pole pole, kwa kuanzia mbali kidogo, maana sheria hii ina historia, na sehemu kubwa ya historia yenyewe imepita katika vijiji vyetu.

Kura za kwanza

Wazee wanakumbuka kwamba kura ya kwanza katika inchi yetu ilipigwa mwezi wa 12 mwaka wa 1957, wakati wa Wabeleji, katika miji mitatu tu: Léopoldville, Elisabethville na Jadotville, ambayo leo ni Kinshasa, Lubumbashi na Likasi. Wanaume peke yao ndio walipiga kura. Mwezi wa tano 1960, mbele ya uhuru, inchi nzima iliitwa kuchagua wabunge, na tena wanawake walibaki pembeni. Wao walipata haki hiyo mwaka wa 1967.

Wakati ule kulikuwa tayari na sheria ya kumuazibu mtu anayeandika uongo. Kitabu chetu cha sheria ya makosa kilitokana na amri ya tarehe 30 mwezi wa kwanza 1940, na mpaka leo, ijapokuwa kimebadilishwa mara nyingi, ndicho msingi. Kinasema kwamba mtu anayegushi maandishi kwa nia ya kudanganya au ya kumuumiza mwingine anaweza kufungwa toka miezi 6 mpaka miaka 5. Akiwa ni mtumishi wa serikali aliyefanya hivyo katika kazi yake, azabu inapanda. Na anayetumia karatasi ya uongo, hata kama si yeye aliyeitengeneza, anahesabiwa pamoja na aliyeitengeneza.

Kwa hiyo sheria ilikuwako. Lakini sheria ya kukataza uongo inafanya kazi pale tu ambapo wakubwa wenyewe wanataka ukweli.

Wakati wa rangi mbili

Mwaka wa 1970 Mobutu alisimama peke yake katika uchaguzi wa raisi. Mpiga kura alipewa karatasi mbili: ya kijani kwa ndiyo, nyekundu kwa hapana. Kura za ndiyo zilitangazwa kuwa zaidi ya milioni 10. Za hapana zilikuwa 157 tu, kwa inchi nzima. Kazi ya kuandika wapiga kura ilikuwa haijamalizika, na kura zilizohesabiwa zilizidi hata hesabu ya watu walioandikwa.

Nani angemshitaki nani pale? Mwananchi ambaye angedanganya miaka yake mbele ya karani angekuwa mwizi mdogo sana. Mwaka wa 1977 na wa 1984 mambo yalikuwa vile vile: mutu mumoja, chama kimoja, jibu moja. Ndipo wazazi wetu wengi walijifunza kwamba karatasi ya serikali ni kitu cha kujaza ili upite, hata kama haina ukweli. Zoezi hilo halijatutoka.

Tarehe zilizoleta damu

Hapa Kivu, uongo na ukweli kwenye karatasi vilikuwa na uzito zaidi. Sheria ya uraia ya mwaka wa 1972 iliwapa uraia watu waliotoka Rwanda na Burundi na kukaa Kivu mbele ya tarehe 1 mwezi wa kwanza 1950. Miaka tisa nyuma yake, sheria ya 1981 iliivunja ile, ikarudisha hesabu mpaka mwaka wa 1885: ilipashwa kuonyesha kwamba kabila la wazee wako lilikuwa ndani ya mipaka ya Kongo wakati ule. Sheria ya mwezi wa 11 mwaka wa 2004, ambayo ndiyo ya leo, inaangalia makabila yaliyokuwa katika inchi siku ya uhuru, 1960.

Tazama namna tarehe moja inavyoweza kumgeuza jirani kuwa mgeni. Babu yako alifika mwaka gani? Nani ni shahidi? Mwaka wa 1991 serikali ilipotuma watu kuhesabu raia katika Kivu ya Kaskazini, kila upande ulimshuku mwengine: hawa wanadanganya ili waandikwe, wale wanadanganya ili wenzao wafutwe. Mwezi wa tatu 1993 vita vilianzia Ntoto, huko Walikale, vikaenea mpaka Masisi. Watu wa makabila mbali mbali waliuawa, wengine wengi walikimbia. Karatasi peke yake haikuleta vita vile. Kulikuwa pia mambo ya mashamba na ya utawala. Lakini swali la nani anaandikwa na nani anafutwa lilikuwa ndani yake.

Ndiyo maana kwetu huku uongo mbele ya karani si mchezo, na kumsingizia mwengine uongo si mchezo vilevile. Sheria yetu ya makosa inamuazibu pia mtu anayepeleka kwa wakubwa mashtaka ya kumchongea mwenzake.

Mwaka wa 2005: sheria mpya

Nyuma ya vita kubwa na mapatano ya amani, inchi ilipashwa kuanza upya. Hesabu ya mwisho ya raia ilikuwa ya mwaka wa 1984. Hakukuwa karte ya uraia. Ofisi nyingi za etat-sivili ziliungua au ziliporwa. Namna gani kujua nani ana haki ya kupiga kura?

Tarehe 24 mwezi wa 12 mwaka wa 2004 ilitoka sheria namba 04/028 juu ya kutambua na kuandika wapiga kura. Kazi ilianza Kinshasa mwezi wa sita 2005, chini ya tume iliyoongozwa na padri Apollinaire Malu Malu. Kwa mara ya kwanza mutu alipigwa picha na alama za vidole zikachukuliwa na mashini. Watu zaidi ya milioni 25 waliandikwa.

Sheria ile ilielewa shida yetu. Mtu asiye na karatasi yoyote aliweza kuandikwa kwa ushuhuda wa watu waliokwisha kuandikwa katika kituo kile kile na wanaokaa pale tangu miaka. Kwa wahami wa vita, ule ulikuwa mlango uliobaki wazi. Nyumba imeungua, cheti cha ubatizo kimeungua, lakini jirani bado anakujua.

Kwa sababu mlango huo ulikuwa wazi, sheria iliweka mlinzi. Ina sehemu nzima ya makosa na azabu, kifungo pamoja na amande. Inamgusa anayejiandikisha kwa jina la uongo, anayejiandikisha mara mbili, na anayeficha hali inayomkataza kupiga kura. Katika wanaokatazwa, tuseme wageni, na wanajeshi na polisi walio kazini. Inamgusa pia karani wa kituo anayeandika mtu asiye na haki, au anayemfukuza mwenye haki. Na shahidi anayesema uongo hajifichi nyuma ya huruma. Baadaye, sheria ya uchaguzi ya tarehe 9 mwezi wa tatu 2006 iliongeza makosa ya siku ya kura yenyewe, kama vile kupiga kura kwa jina la mwengine.

Karte ilipata kazi ingine

Lakini kuna jambo ambalo watunga sheria hawakulipima vizuri. Kwa kuwa hakukuwa karte ya uraia, karte ya kura iligeuka kuwa karte ya kila kitu. Kwenye bariere, benki, kwa kununua laini ya simu, katika kupokea msaada, unaulizwa karte ya kura. Basi mtoto wa miaka 15 aliona faida kusema 18, na mtu aliyepoteza karte yake aliona ni vyepesi kujiandikisha upya kuliko kuanza safari ya kutafuta ingine.

Matokeo yalionekana wazi mwaka wa 2018. Kazi ya kuandika ilikuwa imeanza mwezi wa saba 2016 katika Ubangi ya Kaskazini. Ilipokwisha, majina yalipita milioni 46. Mashini ilipolinganisha picha na vidole, zaidi ya milioni 5 yalifutwa kwa sababu yalikuwa mara mbili, na pia watoto wengi walitolewa. Yalibaki kama milioni 40. Kisha wachunguzi wa umoja wa inchi zinazosema Kifaransa waliona kwamba asilimia 16.6 ya waliobaki, karibu watu milioni 6.7, hawakuwa na alama za vidole. Upinzani ulipiga kelele kwamba ni watu hewa. Uaminifu uliharibika mbele hata ya siku ya kura.

Na wakati karatasi haiaminiki, wanaolipa ni wadogo. Tarehe 30 mwezi wa 12 mwaka wa 2018, wakaaji wa Beni, Butembo na Yumbi hawakumchagua raisi. Kwa Beni na Butembo serikali ilisema ni juu ya Ebola na usalama. Mwaka wa 2023 Masisi, Rutshuru na Kwamouth zilibaki nje juu ya vita. Wengi katika nyinyi mnaosoma mko katika hesabu hiyo ya watu ambao hawakuhesabiwa.

Kuhusu wakubwa, mwezi wa kwanza 2024 CENI ilifuta kura za wagombea 82, kati yao mawaziri na magavana, kwa ajili ya udanganyifu, rushwa na kushika mashini za kura kinyume cha sheria. Baadhi yao walikwenda mahakamani kupinga. Hata hivyo wananchi waliona kwa macho yao kwamba mkono wa sheria unaweza kufika juu, ukitaka.

Jibu kwa mama yule

Mama, kama unasikia habari hii, samahani kwa jibu langu la haraka. Ndiyo, ni kosa. Wewe ungehesabiwa kuwa umesema uongo, na karani aliyekubali angekuwa na kosa pamoja nawe. Jina la mtoto lingeweza kufutwa na mashini, na siku atakapofika miaka 18 ya kweli angekuta tarehe mbili za kuzaliwa zinamfuata popote, kwenye diploma, kwenye kazi, kwenye ndoa.

Lakini haki iko pia upande wako. Mtoto hapaswi kudanganya miaka yake ili apite njiani. Serikali ilizindua karte mpya ya uraia mwezi wa sita 2023, na watu wengi bado hawajaiona. Mpaka siku itakapofika kambini, sheria itaendelea kumuazibu mtu juu ya njaa ya karatasi ambayo serikali yenyewe iliacha.

Kwa hiyo, ndugu, tufanye yaliyo mikononi mwetu. Mtoto akizaliwa, hata kambini, aandikwe etat-sivili ndani ya siku 90, maana muda huo hakuna haja ya kupita mahakamani. Ukipoteza karatasi, omba kwa shefu wa kartie hati inayoonyesha kwamba imepotea. Ukiitwa kuwa shahidi, sema unachojua tu: "Ninamjua, tulikaa kijiji kimoja." Kama hujui, sema hujui. Na ukisikia mtu anasema jirani yako ni mgeni aliyeandikwa kwa uongo, muombe alete ushahidi kwa mahakama, asiulete sokoni.

Sisi tuliokimbia mara nyingi tunajua bei ya neno moja la uongo likiandikwa. Tuwafundishe watoto wetu kuliogopa hilo kuliko bariere.