Wiki Tisa na Mwaka Mzima: Somo la Nachingwea kwa Wanafunzi wa Lishe

Mwanafunzi wa shahada ya lishe katika vyuo vyetu hupelekwa kwenye mafunzo kwa vitendo, ambayo wenyewe huyaita "fildi", kwa majuma machache tu, aghalabu wakati wa likizo ndefu. Kule Uingereza, katika chuo kikuu kama cha Surrey, mwenzake anaweza kukaa mwaka mzima kiwandani, hospitalini au katika taasisi ya utafiti kabla ya kurudi kumaliza masomo. Nimekuwa nikitetea mwaka mzima kwa wanafunzi wetu pia. Hoja yangu siitoi Surrey, bali Nachingwea na Ruangwa, katika historia ambayo Waingereza wenyewe waliiandika juu ya ardhi yetu.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, Uingereza ilikuwa na njaa ya mafuta ya kula. Mwaka 1946 Frank Samuel, mkuu wa United Africa Company, kampuni tanzu ya Unilever, aliishauri serikali yake ilime karanga Afrika Mashariki kwa mitambo. Ujumbe wa watu watatu, ukiongozwa na John Wakefield aliyewahi kuwa mkurugenzi wa kilimo Tanganyika, ulitumwa kuchunguza. Ulizunguka kwa takriban wiki tisa, sehemu kubwa ya safari ikiwa ya ndege, kisha ukapendekeza mashamba ya ekari zaidi ya milioni tatu. Sehemu kubwa kuliko zote ilipangwa Jimbo la Kusini, na makao yake yakawa Nachingwea.

Yaliyofuata yanajulikana. Vifaru vya Sherman viligeuzwa kuwa matrekta ya kung'oa miti. Reli ilijengwa kutoka pwani hadi Nachingwea, na bandari ya kina kirefu ikachimbwa Mtwara. Kongwa, mvua zilikosekana na udongo wa mfinyanzi ukakauka kama saruji, karanga zikiwa bado ardhini. Januari 1951 serikali ya Uingereza ilitangaza kuuacha mpango huo, na hasara ikakadiriwa kuwa zaidi ya pauni milioni 36. Bandari ya Mtwara ilifunguliwa mwaka 1954, karanga zilizokusudiwa kupita hapo zisionekane. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 hata reli iling'olewa.

Wengi husimulia kisa hiki kama kichekesho cha wakoloni wasiojua udongo. Mimi nakisoma kama historia ya lishe. Wizara iliyousimamia mradi huo London haikuwa ya makoloni, bali ya chakula. Swali lililoulizwa lilikuwa: familia ya Mwingereza itapata wapi mafuta? Swali la mama wa Nachingwea anampikia mwanawe nini mwezi wa Februari, ghala likiwa tupu, halikuwamo katika hesabu. Hata kama lingekuwamo, wiki tisa zisingetosha kulijibu, kwa sababu njaa ya Kusini ina majira yake, na mgeni apitaye wakati wa mavuno huondoka akiamini kwamba watu wameshiba.

Kosa la kuanza na kiwanda kabla ya kumjua mlaji halikuondoka na bendera ya Mwingereza. Miaka ya 1970 tulijenga viwanda vya kubangua korosho katika miji ya Kusini, Nachingwea ikiwa mojawapo, kwa mikopo ya Benki ya Dunia. Msimu wa 1973/74 nchi ilivuna takriban tani 145,000. Kisha wakulima wakahamishiwa vijijini mbali na mikorosho yao, bei ikawavunja moyo, na kufikia katikati ya miaka ya 1980 mavuno yalikuwa chini ya tani 20,000. Mitambo ilikosa korosho za kubangua.

Lakini tunao mfano wa kinyume. Taasisi ya Chakula na Lishe iliundwa kwa sheria ya mwaka 1973, na miaka kumi baadaye ulianza Mpango wa Lishe wa Iringa, kwa ushirikiano wa serikali, UNICEF na Shirika la Afya Duniani. Wanakijiji walipima uzito wa watoto wao wenyewe, wakajadili sababu katika vikao vyao, wakaamua la kufanya, kisha wakapima tena. Kazi hiyo ilirudiwa miezi na miaka. Mchoro wa sababu za utapiamlo ambao UNICEF iliutangaza mwaka 1990, na ambao wanafunzi wa lishe duniani kote huukariri, ulitokana kwa kiasi kikubwa na uzoefu huo. Nadharia bora ya fani hii ilipatikana kwa kukaa, si kwa kupita.

Sasa tazameni kalenda ya Nachingwea na Ruangwa. Mvua huanza Novemba au Desemba. Januari hadi Machi ni miezi ya palizi na ya akiba kuisha, na mama huwa shambani mchana kutwa. Karanga na mahindi hufuata, kisha ufuta unaouzwa kwenye minada ya stakabadhi ghalani, na kuanzia Oktoba korosho huleta fedha. Mwanafunzi aliyefika Julai na kuondoka Septemba ameona gunia la ufuta. Hakuona sufuria ya Februari. Hakuona pia namna karanga zilizoanikwa vibaya zinavyoota ukungu na kujaa sumukuvu, sumu iliyoua watu 20 Dodoma na Manyara mwaka 2016 kupitia mahindi.

Suala hili si la mitaala peke yake. Utafiti wa kitaifa wa 2022 ulionyesha kuwa asilimia 30 ya watoto wetu walio chini ya miaka mitano wamedumaa, na mikoa inayovuna mahindi kwa wingi, kama Rukwa na Njombe, imo miongoni mwa inayoongoza. Mavuno hayageuki lishe yenyewe. Anahitajika mtu wa kufuata punje kutoka shambani hadi kinywani.

Nitaulizwa: nani atagharamia? Halmashauri zimeagizwa kutenga shilingi 1,000 kwa kila mtoto wa umri huo. Wakurugenzi waseme ni kiasi gani hutolewa, si hutengwa tu. Wenye viwanda vya kukamua mafuta na kubangua korosho wachangie posho, kwani ndio watakaoajiri wataalamu hawa. Na wanaharakati wanayo haki ya kuhofu kwamba kiwanda kitamfanya mwanafunzi kibarua wa bure. Kwa hiyo pawepo mkataba wenye posho, msimamizi anayetajwa kwa jina, na nusu ya mwaka kijijini chini ya afisa lishe wa wilaya.

Ujumbe wa Wakefield haukukosa elimu. Ulikosa majira mengine ya mwaka. Wanafunzi wetu tunawapa majuma yaleyale, kisha tunawakabidhi wilaya nzima.